Meshi Ikigoma, Usikimbilie Desa

Mimi ni ticha. Nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, mwaka wa tatu, na kwa maoni ya watu wa uhandisi tunaoishi nao hosteli, kazi yetu ni kuchora chati za manila na kubeba rula ya ubaoni. Sawa, tumezoea. Lakini muhula huu nimekaa chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi mitambo wa mwaka wa nne, na kwa wiki tatu mfululizo sikulala vizuri kwa sababu ya maandishi mekundu kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kusema neno.

Neno lenyewe ni hili: chuoni tunafundishwa kukwepa makosa, hatufundishwi kuyasoma. Kule uhandisi tabia hiyo ina faili lake kabisa, linalorithishwa kwa flashi kutoka mwaka hadi mwaka. Nitafika huko.

Kwanza mradi wa rumeti wangu. Kijijini kwao kuna pampu ya dizeli inayosukuma maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi lililo mlimani. Ndani ya pampu kuna impela, lile gurudumu la chuma lenye mabawa linalozunguka na kurusha maji. Ya kiwandani ilipokwisha, kamati ya maji ilipeleka mfano kwa mafundi wa kusubu chuma, wakatoa nyingine. Ikapata nyufa kwenye mashina ya mabawa. Ikasubiwa ya pili, nayo ikapasuka. Mama yake rumeti ndiye mweka hazina wa kamati, na michango ya impela ya tatu ilikuwa imeshaanza kukusanywa. Jamaa akaamua mradi wake wa mwisho uwe huo: apime impela iliyovunjika, aichore kwenye kompyuta, aipige simulesheni, aone mkazo unakaa wapi na shina la bawa linenepeshwe kiasi gani.

Akapima kwa kalipa kila kitu. Mabawa sita, sahani ya nyuma, kitovu, na yale matundu madogo karibu na kitovu yanayopunguza msukumo wa maji upande mmoja. Mchoro ukatoka mzuri hata mimi nikausifu. Akauhamishia kwenye programu ya simulesheni, akabonyeza kitufe cha kutengeneza meshi, na hapo ndipo wiki tatu zilipoanza.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: kompyuta haiwezi kukokotoa mkazo ndani ya kitu chenye mapindo kama impela kwa mkupuo mmoja. Inakikata kitu hicho vipande vidogo vidogo, mara nyingi piramidi za pande nne, halafu inakokotoa kipande kwa kipande na kuunganisha majibu kwenye pembe zake. Huo mkusanyiko wa vipande ndio meshi. Mara nyingi programu huanza kwa kufunika uso wote wa kitu kwa pembetatu, kisha hujaza ndani. Sasa kama uso una mwanya, hata wa unywele, inakuwa kama kujaza mchanga kwenye kiroba kilichotoboka: haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Inagoma. Inaandika kwa rangi nyekundu kwamba umbo halikuweza kumeshiwa, na usiposoma vizuri utadhani imekutukana.

Kitu cha kwanza alichofanya rumeti ndicho wanachofanya wote: kupunguza saizi ya vipande. Milimita 4 imegoma? Weka 2. Mbili imegoma? Weka 1. Hapo mimi wa hisabati nikainua kichwa kitandani, maana ukigawa urefu wa kipande kwa mbili, idadi ya vipande haiwi mara mbili. Kitu kina urefu, upana na kina, kwa hiyo ni mara mbili mara tatu, yaani mara nane. Kutoka 4 hadi 1 ni mara sitini na nne. Laptopu yenye memori ya GB 8 ilianza kuvuma kama inataka kupaa, halafu ikaganda. Saa nane za usiku. Na kosa lilikuwa palepale.

Kitu cha pili alishauriwa na wenzake wa darasani: "Kaka, toa fileti zote." Fileti ni ile kona iliyoviringwa pale bawa linapoungana na sahani. Ukiitoa inabaki kona kali, umbo linakuwa rahisi, meshi inapita. Na kweli ikapita. Picha ikaja na rangi zake, bluu kwa kijani na kanundu kekundu kwenye shina la bawa. Tulishangilia. Tulikwenda kula chipsi mayai kwa hela ya mwisho ya bumu.

Aliporudi akafanya jambo ambalo nampa heshima yake mpaka leo. Alirudia simulesheni ileile kwa vipande vidogo zaidi, kuhakikisha jibu halibadiliki. Mara ya kwanza mkazo wa juu kabisa ulikuwa megapaskali 88. Mara ya pili 120. Mara ya tatu 165. Impela ileile, maji yaleyale. Tatizo ni kwamba kwa nadharia inayotumika hapo, kona kali ya ndani ina mkazo usio na mwisho. Kadiri unavyosogea karibu na ncha ndivyo namba inavyopanda, haitulii kamwe. Kwa hiyo alikuwa ametoa kwenye mchoro kitu kilekile alichokuja kukichunguza. Nyufa zilikuwa kwenye fileti, na fileti ameitupa ili kompyuta inyamaze. Angeishia kwenye jaribio la kwanza angeandika 88, na hakuna ambaye angemuuliza.

Sasa desa. Kila kozi ina desa zake, hilo halihitaji maelezo. Kule kwao kuna faili la impela. Sijui nani alilichora, watu wanasema ni la miaka mingi. Limesafishwa kila mahali, linameshika kwa kubonyeza mara moja, na wanaolitumia hubadilisha rangi, kasi ya mzunguko na jina la kwenye jalada. Zilipobaki siku kumi na mbili kuwasilisha, mimi mwenyewe, mwalimu mtarajiwa, nilimwambia, "Injinia, chukua desa bwana. Namba zote zinatoka pale pale, nani atajua?" Nakiri. Nilikuwa nataka kulala.

Akanijibu bila kugeuka, "Ticha, mama ndiye anayesaini hela ya kusubu."

Nikanyamaza. Na nadhani hapo ndipo na mimi nilipoanza kumsaidia badala ya kumlalamikia taa.

Tulichofanya hakikuhitaji akili kubwa, na hilo ndilo linaloniudhi. Tulisoma ujumbe mwekundu hadi mwisho. Chini kabisa ulikuwa umetaja namba za nyuso mbili. Wiki mbili namba zilikuwa pale, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinaweza kubonyezwa na programu ikakuonyesha mahali penyewe. Kwa kuwa mimi sikuziamini, tukafanya pia njia ya mkulima: futa mabawa matatu, jaribu. Imepita. Rudisha hayo, futa matatu mengine. Imegoma. Basi kosa liko upande huo. Gawa tena. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumefika kwenye bawa la nne, na namba za ujumbe zilikuwa zinasema hilohilo.

Akavuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka bawa likawa kubwa kama ukuta. Pale chini, kati ya fileti na tundu dogo la kwenye sahani, kulikuwa na uso mwembamba kama kipande cha ukucha uliokatwa: urefu milimita 11 hivi, upana milimita 0.03. Vipande vya meshi vilikuwa na milimita 4. Hebu jaribu kufunika utepe wa upana huo kwa vigae vya ukubwa huo, ndio utaelewa kwa nini ilikuwa inagoma. Na hata uvipunguze hadi milimita 1 bado ni vikubwa zaidi ya mara thelathini. Kupunguza saizi kusingesaidia hata angekesha mwezi mzima.

Lakini kwa nini tundu lile tu, wakati yapo sita? Tukaichukua impela yenyewe chini ya kitanda (ndiyo, tulikuwa tunaishi na chuma kilichovunjika chini ya kitanda) na kupima upya. Tundu la bawa la nne lilikuwa limetobolewa nje ya mahali pake kwa karibu milimita moja, likalamba fileti. Fundi wa karakana alikosea kidogo, na rumeti wangu kwa uaminifu wake alichora kosa hilo kama lilivyo. Kompyuta ilikuwa haijaharibika. Ilikuwa inatuonyesha mahali ambapo chuma chenyewe kina kasoro.

Sisemi tundu hilo ndilo lililovunja impela. Nyufa zilikuwa mbili, moja kwenye bawa la nne na nyingine kwenye bawa la kwanza ambalo tundu lake liko sawa. Ila nasema kwamba mwenye desa asingelijua tundu hilo hata kidogo.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa nje ya uhandisi tunaweza kulielewa kuliko wanavyodhani. Ukishauona uso mwembamba, kuna njia tatu za kuuondoa. Unaweza kuiambia programu iunganishe uso ule na jirani yake, ijifanye haupo. Unaweza kurudisha tundu mahali lilipopaswa kuwa. Au unaweza kuuacha, ukatumia vipande vidogo pale tu, sehemu nyingine zikabaki na vikubwa. Njia ipi ni sahihi? Inategemea umeuliza swali gani. Kama unataka kujua ya zamani ilipasuka kwa nini, huwezi kusogeza tundu, utakuwa umefuta ushahidi. Kama unataka kuchora ya tatu, sogeza. Rumeti alitengeneza michoro miwili, mmoja wa maiti na mmoja wa mtoto, ndivyo alivyoviita. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo uhandisi wenyewe, na kwenye kozi yake hayana hata alama moja. Alama ziko kwenye picha yenye rangi.

Baada ya hapo kulikuwa na kosa jingine, nyuso mbili ambazo hazikushonana kwa sababu faili lilitoka programu moja kwenda nyingine na kila moja ina kiwango chake cha kuhesabu kwamba pointi mbili zimegusana. Hilo alilimaliza kwa saa moja tu, kwa kuhamisha faili upya kama umbo lililofungwa na kukagua mishono. Wiki tatu kwa kosa la kwanza, saa moja kwa la pili.

Sasa kuna watakaosema: basi, meshi ikipita shida imekwisha. Hapana. Aliyenionyesha kisa hiki ni rumeti, nami nikaenda kukisoma mwenyewe. Norwei, tarehe 23 Agosti 1991, karibu na mji wa Stavanger, kulikuwa na msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Sleipner A. Ulikuwa na vyumba 24 vya zege vilivyoshikana, na ulikuwa unazamishwa taratibu kwenye ghuba kwa maandalizi ya kuwekewa sehemu ya juu. Ulipofika kina cha mita 65 hivi ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia, msingi wote ukaenda chini na kugonga sakafu ya bahari kwa kishindo kilichosajiliwa kama tetemeko la 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwenye zile pembe ambapo vyumba vitatu vinakutana, vipande vya meshi vilikuwa vichache na vimepinda, na mkazo wa kukata ukuta ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikajengwa nyembamba kuliko ilivyohitajika. Hesabu ilipofanywa upya kwa uangalifu baada ya ajali, ilisema ukuta ungevunjika kwenye mita 62.

Meshi ile ilipita. Ilitoa jibu, na jibu likajengwa kwa zege. Kwa hiyo mwanafunzi anayedhani kwamba kazi yake ni kufika mahali ambapo hakuna maandishi mekundu, amejifunza nusu tu ya hatari. Mtu aliyewahi kutafuta kosa lake kwa mkono huwa na tabia ya kuiuliza meshi hata ikipita: vipande vimepinda kiasi gani, nikivigawa nusu jibu linabaki? Mwenye desa hana sababu ya kuuliza. Desa halijawahi kumgomea.

Niseme na la kwetu, maana ni rahisi kuwasema wahandisi. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilisahihisha daftari za fizikia kidato cha kwanza, swali la kanieneo. Binti mmoja alipata jibu la ajabu, na mimi nikapiga mkasi mwekundu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Darasa lilikuwa na wanafunzi wengi, kalamu ilikuwa inakimbia. Wiki mbili baadaye akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, samahani, nimekosea wapi?" Nikaangalia. Fomula sahihi, mpangilio sahihi, hesabu sahihi. Alibadilisha sentimita za mraba kuwa mita za mraba kwa kugawa kwa 100 badala ya 10,000. Mstari wa pili tu. Nilikuwa nimempa ujumbe uleule ambao programu ilikuwa inampa rumeti, tena wa kwangu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu haukutaja hata namba ya uso.

Ndiyo maana sikubaliani na wahadhiri wanaosema kwamba kutafuta makosa mwanafunzi atajifunza kazini. Kazini atajifunza kwa hela ya nani? Kwenye maabara wanapewa umbo lililosafishwa ili kila mtu amalize ndani ya saa mbili, na naelewa sababu: kundi ni kubwa, leseni za programu ni chache, foleni ya kompyuta ni ndefu. Lakini kumpa mtu umbo safi kwa miaka mitatu halafu mwaka wa nne ukamwambia alete la kwake ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwenye beseni. Lazima atafute desa. Na tukiwa wakweli, desa halikuanzia kwa wanafunzi. Umbo safi la maabara ndilo desa la kwanza.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila kikundi kipewe faili moja bovu kwa makusudi: hapa uso mwembamba, pale mwanya, mahali pengine sahani mbili zilizoingiliana. Wasiulizwe rangi. Waandike ukurasa mmoja: ujumbe ulisema nini, ulidhani nini, ulijaribu nini, uliposhindwa ulijua vipi kwamba umeshindwa. Ukurasa huo upewe alama sawa na picha. Kudesa ukurasa wa namna hiyo ni kazi kuliko kuufanya. Leseni zisiwe kisingizio pia, FreeCAD na Gmsh ni za bure na zinafanya kazi kwenye laptopu za kawaida. Rumeti alizitumia zote mbili usiku ambao maabara ilikuwa imefungwa. Na wasimamizi wa miradi wakubali jedwali la majaribio yaliyoshindwa ndani ya ripoti, maana kwa sasa ukiliweka unaambiwa ulitoe, eti linaonyesha udhaifu.

Rumeti alilitoa. Hilo bado linaniuma.

Matokeo hayajatoka, kwa hiyo sijui kama mradi umepata A au sapu. Kwenye utetezi aliulizwa maswali mawili kuhusu ukubwa wa maandishi na moja kuhusu fileti. Kamati ya maji imekubali kusubiri: impela ya tatu itasubiwa ikiwa na fileti ya milimita 5 badala ya 2, na matundu yatatobolewa kwa kibao cha kuelekezea keekee ambacho jamaa amekichora mwenyewe. Mama mweka hazina ameomba maelezo kwa Kiswahili, kurasa zisizidi mbili, nami ndiye ninayeyaandika.

Faili bovu tumelihifadhi kama lilivyokuwa usiku ule, na utepe wake wa milimita 0.03. Anayelitaka kwa mazoezi aje na flashi, jioni tupo. Mwenye virusi abaki navyo.